Kasha la Filta ya Hewa: Kipi Ndani Yake Kinastahili Hataza?

Lita moja ya petroli haiungui vizuri bila takriban lita elfu tisa za hewa. Kwenye lami, mvua ikiwa imenyesha, hewa hiyo haina madhara. Ila lori likifuata lori jingine kwenye barabara ya changarawe wakati wa kiangazi, kila pumzi ya injini imebeba mchanga laini, na mchanga ukifika kwenye silinda huzila ringi polepole mpaka injini ianze kunywa oili na kutoa moshi. Kinachozuia hasara hiyo ni kipande cha karatasi iliyokunjwakunjwa, na kasha linaloishika karatasi hiyo mahali pake.

Ukilitazama kasha lenyewe utaliona kitu duni: plastiki au bati, mfuniko, klipu nne na hosi mbili. Hata hivyo kampuni kubwa za filta, kama Donaldson ya Marekani iliyoanza mwaka 1915 kwa kuhangaika na vumbi la matrekta, au Mann+Hummel ya Ujerumani iliyoanza mwaka 1941, zimejilimbikizia hataza nyingi juu ya makasha hayohayo. Ndipo mbunifu mdogo anapouliza: na hili langu je? Swali lake lina kasoro moja. Kasha zima, kama kasha, karibu halipewi hataza kamwe. Kinachopewa ni namna sehemu fulani za kasha zinavyoshirikiana kutatua tatizo linalotajika, ikiwa hakuna aliyefanya hivyo kabla na ikiwa fundi mwenzake asingelifikia jambo hilo kwa kazi ya kawaida.

Tuchukue mfano wa kubuni. Fundi mmoja wa Gerezani, Dar es Salaam, anahudumia malori yanayopeleka mizigo Lubumbashi kupitia Tunduma na Zambia. Ameona mengi. Madereva hutoa filta njiani, huipuliza kwa upepo wa kompresa na kuirudisha ikiwa imekaa upande. Mbaya zaidi, wakati filta inapochomolewa, vumbi lililoganda juu yake huanguka kwenye bomba la hewa safi, na injini ikiwashwa hulimeza lote kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo ametengeneza kasha lake mwenyewe. Mdomo wake umekaa ubavuni ili hewa iingie ikizunguka na kutupa vumbi pembeni kabla ya kufika kwenye filta. Chini kuna bakuli linaloonyesha ndani, na chini ya bakuli pua ya mpira inayodondosha vumbi. Mpira wa kuzibia una mawimbi, hivyo mfuniko hukataa kufunga kama filta haijakaa sawasawa. Mwisho ni jambo analojivunia kuliko yote: komeo la mfuniko limeungwa na bamba la mviringo lililomo ndani ya bomba la hewa safi. Ukizungusha komeo ili ufungue, bamba hugeuka kwanza na kuliziba bomba. Mfuniko huachia baadaye.

Je, anacho cha kupeleka ofisi ya hataza?

Vigezo ni vitatu, na tangu TRIPS, mkataba wa kimataifa wa mwaka 1994 kuhusu mali ya ubunifu, vimekuwa vilevile karibu kila nchi: uvumbuzi uwe mpya, uwe na hatua ya uvumbuzi, yaani usiwe dhahiri kwa fundi mwenye ujuzi wa kawaida, na uweze kutumika katika uzalishaji. Sheria ya Mali ya Viwanda ya Kenya ya mwaka 2001 inavitaja vyote vitatu. Hiki cha mwisho hakina haja ya kutuchelewesha, kwa kuwa kasha linalotengenezeka na kufungwa kwenye lori limekwisha kukitimiza. Ugomvi wote uko kwenye viwili vya kwanza.

Upya hupimwa kwa dunia nzima, si kwa Gerezani wala kwa Afrika Mashariki. Hati ya Kijapani ya miaka ya sabini ambayo hakuna mtu Dar es Salaam aliyewahi kuiona ina nguvu sawa na kasha linalouzwa duka la pili. Bahati nzuri kusaka ni bure. Hifadhi ya Espacenet ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya ina hati zaidi ya milioni 150, na Google Patents husoma nyingi ya hizo. Kosa la wengi ni kusaka kwa maneno tu, ilhali wenye hataza hupenda kuliita kasha kwa majina ya ajabu. Njia ya kuaminika ni kusaka kwa alama za uainishaji wa kimataifa: F02M 35 kwa vifaa vya kusafisha hewa ya injini, na B01D 46 kwa vichujio vya vumbi kwa jumla. Ukipata hati moja inayofanana na yako, tazama hati ilizozitaja na hati zilizoitaja baadaye. Uzi huo ndio huongoza kwenye mapacha wa kazi yako. Baki na tahadhari moja: maombi mengi hukaa siri kwa miezi 18 kabla ya kuchapishwa, kwa hiyo hata msako makini una upande usioonekana.

Kwa fundi wetu msako utauma. Kuzungusha hewa ili vumbi litupwe pembeni ni wazo la karne ya 19. John Finch wa Marekani alipewa hataza ya kikusanya vumbi cha namna hiyo mwaka 1885. Bakuli la kioo la kukusanyia vumbi lilikuwa juu ya matrekta ya mashambani zamani sana, enzi za filta za bakuli la oili zilizofungwa kwenye Massey Ferguson 135. Pua ya mpira inayofunguka na kufunga kwa mitikisiko ya hewa ya injini imo kwenye malori na mitambo ya migodini kila mahali. Mpira wenye umbo maalumu unaokataa filta isiyo yake? Hilo ndilo eneo lililosongamana kuliko yote, na kuna sababu ya kibiashara itakayoelezwa mbele.

Hapa wabunifu wengi hukata tamaa mapema mno. Kanuni ya upya ina upande wa huruma: ili uvumbuzi uangushwe kwa kukosa upya, sharti kitu kimoja kilichotangulia, hati moja au kasha moja, kiwe na vipengele vyote vinavyodaiwa kwa pamoja. Mkaguzi haruhusiwi kuchukua mdomo kwa Finch, bakuli kwa Massey Ferguson na pua ya mpira kwa mtambo wa mgodini, kisha aseme kasha hili si jipya. Kama hakuna kasha lililotangulia lenye komeo linaloongoza bamba la kuziba bomba, basi kasha la Gerezani ni jipya kisheria, hata kama asilimia tisini ya vipande vyake ni vya kale.

Ila kuna adui mwingine wa upya, naye ni mvumbuzi mwenyewe. Mwaka 1855 Samuel Barnes wa Marekani alimtengenezea rafiki yake wa kike, aliyekuja kuwa mkewe, vipande vya chuma vya kunyoosha koseti, vazi la kubana kiuno, kwa kuwa vile vya dukani vilikuwa vikikatika. Mama huyo alivivaa kwa miaka. Barnes alipata hataza mwaka 1866, na mwaka 1881 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Egbert dhidi ya Lippmann, ikaifuta: vitu hivyo vilikuwa vimekwisha kutumika hadharani zaidi ya muda ulioruhusiwa. Hadharani, ndani ya nguo! Mahakama ilisema hoja si kama watu waliviona. Hoja ni kwamba alivitoa bila sharti lolote la siri. Kasha la filta nalo hujificha chini ya boneti au nyuma ya kabini, na fundi anaweza kudhani kwamba kwa kuwa hakuna aliyelichungulia, hakuna kilichotoka. Akilifunga kwenye lori la mteja na kulipwa, bila mapatano ya siri, amekwisha kulitoa.

Kwa upande mwingine, majaribio ya kweli yanaweza kusalimika. Samuel Nicholson alitandika sakafu yake ya vipande vya mbao kwenye barabara ya Boston mwaka 1848, magari ya farasi yakapita juu yake mchana kutwa, naye akapata hataza mwaka 1854. Mahakama iliikubali, kwa sababu alikuwa akiikagua mara kwa mara na hakuiachia kuwa bidhaa. Barabara haiwezi kujaribiwa chumbani. Somo hili linamhusu sana mtengenezaji wa kasha la filta, kwani vumbi la kweli halipatikani uani. Aandike mapatano mafupi na mwenye lori, yanayosema hili ni jaribio na ni siri. Nchi zenyewe hazilingani kwa upole: Kenya na Marekani humsamehe mvumbuzi aliyejifichulia mwenyewe ndani ya miezi 12 kabla ya kuomba, Ulaya haimsamehi isipokuwa kwa sababu finyu sana. Akirusha video ya kasha lake kwenye mtandao kabla ya kuomba, ameifunga milango ya Munich, makao ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya, kwa mkono wake.

Sasa kwenye mlima wenyewe, hatua ya uvumbuzi. Hapa mkaguzi anaruhusiwa kuchanganya. Anaweza kuweka hati mbili tatu mezani na kuuliza kama fundi wa kawaida angeziunganisha.

Historia ya kesi inatisha kidogo, na cha kushangaza nyingi ni za vyuma vya kawaida, si za roketi. Mwaka 1966 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Graham dhidi ya John Deere, iliyohusu kibano cha jembe la trekta kwenye udongo wenye mawe. Mvumbuzi alikuwa amehamisha kipande kimoja kutoka juu kwenda chini ya kingine. Mahakama ikasema fundi yeyote wa majembe angeliona hilo. Mwaka 2007 ikaja KSR dhidi ya Teleflex, kesi ya pedali ya akselereta. Pedali inayosogezwa mbele na nyuma ilikuwepo. Kihisio cha umeme kilikuwepo. Teleflex walikuwa na hataza ya kuviweka pamoja mahali fulani. Majaji wote walikubaliana kwamba jambo hilo lilikuwa dhahiri, na wakakumbusha kwamba fundi wa kawaida anayezungumzwa na sheria ana akili ya ubunifu wa kiasi. Si mashine ya kufuata maelekezo. Mtu anayetaka hataza ya kasha la filta ni lazima aisome kesi hiyo kabla ya nyingine yoyote, kwa sababu kasha lake, kama ile pedali, ni mkusanyiko wa vitu vinavyojulikana.

Kuna pia suala la vitu kuwekwa bega kwa bega bila kusaidiana. Miongozo ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya hutoa mfano wa mashine ya soseji iliyoundwa kwa mashine ya kusaga nyama na mashine ya kujazia, zikiwa zimepangwa tu upande kwa upande: kila moja inafanya kazi yake ileile. Baraza la Malodi la Uingereza, lililokuwa bado mahakama ya mwisho nchini humo, lilitumia fikra hiyo mwaka 2004 katika kesi ya Sabaf dhidi ya MFI, iliyohusu majiko ya gesi ya jikoni. Hataza iliunganisha mawazo mawili ya zamani kuhusu hewa inavyoingia kwenye jiko. Kwa kuwa hakuna wazo lililobadilisha utendaji wa lenzake, kila moja lilipimwa peke yake, na yote mawili yakaanguka.

Mizani hiyo inayaangusha mengi katika kasha letu. Mdomo wa ubavuni unazungusha hewa kama ulivyofanya siku zote. Bakuli linaonyesha vumbi, pua ya mpira inalidondosha. Hata vikiwa kumi ndani ya kasha moja, ni soseji. Akiomba hataza ya "kasha lenye mdomo wa ubavuni, bakuli na pua ya mpira," atapoteza ada.

Komeo na bamba ni habari nyingine. Mkaguzi mkali atasema: bamba la kuziba bomba ni kitu cha kawaida kwenye kabureta na mabomba ya hewa, na komeo linalokataa kufunguka mpaka jambo fulani litimie liko hata kwenye sufuria za kupikia kwa mvuke. Kuunganisha viwili hivyo ni kazi ya fundi wa kawaida. Hoja hiyo ni nzito. Majibu yake yako mawili. La kwanza, hapa vipande havikai bega kwa bega: komeo linaliamuru bamba, na mpangilio wa nani atangulie ndio unaoleta matokeo, yaani vumbi haliwezi kuanguka kwenye injini hata mikononi mwa dereva mwenye haraka. Zaidi ya hapo, dereva akisahau kufunga komeo injini haipati hewa, kwa hiyo haitembei bila mfuniko. La pili ni mwelekeo wa sekta. Kwa miongo mingi watengenezaji wamelijibu tatizo hilihili kwa kuweka filta ndogo ya pili ndani ya ile kubwa, inayobaki mahali pake wakati kubwa inabadilishwa. Kama wote walielekea kwenye karatasi ya pili, kwa nini ionekane dhahiri kwenda kwenye bamba?

Hoja ya namna hiyo iliwahi kushinda, tena kwenye fani ya vumbi. James Dyson alitengeneza sampuli 5,127 kabla ya kuridhika na mashine yake ya kufagilia isiyo na mfuko. Wazo la kuzungusha hewa alilikuta kwenye kiwanda cha mbao, na Hoover, aliposhtakiwa mjini London mwaka 2000, alijitetea kwamba teknolojia hiyo ilikuwa ya zamani. Ilikuwa kweli. Lakini Jaji Michael Fysh aliona kwamba sekta nzima ilikuwa imetekwa na mifuko kiasi cha kutoweza kuona kitu kingine, kwa hiyo kwa fundi wa sekta hiyo wazo halikuwa dhahiri. Mahakama ya Rufaa ilimuunga mkono mwaka uliofuata. Tofauti kati ya Dyson na Teleflex ni ushahidi. Dyson alionyesha sekta iliyokuwa na tatizo, yenye fedha na wahandisi, na isiyofika pale. Fundi wa Gerezani naye aanze leo kutunza picha za injini zilizoharibika, vipimo vya vumbi ndani ya bomba kabla na baada ya kubadilisha filta, na vielelezo vya makasha ya washindani yanayotumia filta mbili. Karatasi hizo zina thamani kuliko kurasa kumi za kulisifu kasha.

Baada ya hapo inabaki kalamu. Hataza hulinda kile tu kilichoandikwa kwenye madai. Mbunifu wa mara ya kwanza huandika anachokiona mezani: bamba la chuma la kipenyo cha milimita 110, komeo la mkono wa kushoto, bakuli la plastiki. Mshindani atatengeneza bamba la plastiki la milimita 109 na kulala usingizi. Dai la maana lingesema hivi: kasha la filta ya hewa lenye mfuniko, bomba la kutolea hewa safi na komeo, ambamo komeo limeungwa na kizibo cha bomba hilo kiasi kwamba mfuniko haufunguki kabla kizibo hakijaziba. Bakuli na mdomo wa ubavuni viingie kwenye madai ya chini yake, kama akiba ya kurudi nyuma endapo dai kuu litaonekana pana mno.

Na sababu ya kibiashara iliyoahidiwa? Kasha huuzwa mara moja, filta huuzwa maisha yote ya lori. Ndiyo maana hati nyingi za kampuni kubwa hazidai kasha peke yake. Hudai mahali mpira wa filta unapokutana na kiti chake, na hudai filta yenyewe kama bidhaa. Anayeshika hataza ya mkutano huo anamshika muuza spea. Fundi wetu, kama mpira wake wa mawimbi una sehemu inayolisukuma bamba, adai na filta hiyo pia. Kama hauna uhusiano wowote na bamba, auache. Eneo hilo lina wenyewe.

Zipo njia nyepesi zaidi. Kenya hutoa cheti cha uvumbuzi mdogo, cha miaka 10, kisichodai hatua ya uvumbuzi bali upya na matumizi ya viwandani, na kwa kasha kama hili hiyo ni njia ya busara, si ya aibu. Wajerumani wana cha aina hiyo tangu mwaka 1891. Usajili wa umbo la bidhaa, kwa upande mwingine, haumfai sana: unalinda sura, hauulindi utendaji, na sheria ya Umoja wa Ulaya haiulindi umbo la sehemu ya gari isiyoonekana katika matumizi ya kawaida, kama kitu kilichofichwa chini ya boneti.

Hukumu juu ya kasha la Gerezani, basi, ni hii: mdomo, bakuli na pua ya mpira havipewi hataza, mpira wa mawimbi hauna nafasi ukiwa peke yake, komeo linaloongoza bamba lina nafasi ya haki, ikiwa msako hautatoa pacha wake na ikiwa ushahidi wa vumbi utaandikwa. Aombe kabla lori la kwanza halijatoka uani. Ombi moja kwa ARIPO, shirika la kikanda la Afrika la mali ya ubunifu, mjini Harare, chini ya Itifaki ya Harare ya mwaka 1982, linaweza kuzitaja Tanzania, Kenya, Uganda na Zambia kwa pamoja. Zanzibar ina sheria yake ya mali ya viwanda, na wakili aulizwe juu yake mapema. Kongo haimo ARIPO, kwa hiyo Lubumbashi, mahali malori yenyewe yanakoishia, itahitaji ombi la peke yake Kinshasa ndani ya miezi 12 tangu lile la kwanza.